Skana ya Shemeji

Mume wa dada yangu hajawahi kushika spana maishani mwake, lakini hakuna gari lililopita mbele yake likakosa kupewa ugonjwa. Akisikia mngurumo barabarani huinua kidole, hunyamazisha watu, kisha husema, "Huyo amekwisha. Pistoni." Gari linaendelea na safari yake, linapotelea kwenye kona ya Makutano likiwa na afya yake yote, naye anatikisa kichwa kama daktari aliyepuuzwa na mgonjwa. Anafanya kazi ofisini hapa Meru mjini. Dada yangu amenieleza kazi hiyo mara nyingi na bado sijaielewa. Ninachojua ni kwamba ina kiti kinachozunguka, na inamwachia nafasi kubwa ya kutazama video kwenye simu. Ni kwenye hizo video alikoiona skana.

Alikuja nayo kwangu Jumamosi moja asubuhi, nikiwa ninafua. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili, ninaishi kwenye ploti moja nyuma ya maduka ya Makutano, na siku hizo nilikuwa na gari kuukuu ambalo taa ya injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi kwa muda mrefu, hata mimi nikawa siioni tena. Shemeji alikuwa anaiona. Aliitaja Krismasi, akaitaja Pasaka, akaitaja kwenye mazishi ya mjomba wetu tukiwa tumepanga foleni ya kutupa udongo.

"Shem, leta funguo," alisema, hata salamu hajaimaliza. "Leo utajua gari lako linaumwa nini. Hii ndiyo kitu mafundi hawataki mjue iko."

Akafungua kikasha kidogo. Ndani mlikuwa na kifaa cheusi, ukubwa wa kiberiti, chenye meno upande mmoja, na karatasi ya maagizo iliyokunjwa kunjwa. Karatasi aliitupa chini palepale, kwenye maji yangu ya sabuni. Maagizo, kwa maoni yake, ni ya watu wasiojua.

Alipiga magoti nje ya mlango wa dereva akiwa na suruali yake ya ofisini, akaingiza kichwa chini ya usukani, akawa anapapasa. Kila gari la siku hizi, alinieleza kutoka huko chini, lina tundu lake la kusemea. Ukichomeka skana hapo, gari linatubu dhambi zote. Kwanza alijaribu kukichomeka mahali pa fyuzi. Kisha akajaribu mahali ambapo sikuwa na jina lake na nadhani hata waliolitengeneza gari hawana. Mwishowe kikaingia. Taa ndogo nyekundu ikawaka, naye akatoka akiwa na utando wa buibui kwenye nywele.

"Sasa ni blututhi tu," alisema.

Simu yake ni ya ile aina ya bei kali, ambayo hubebwa mkononi hata mtu akiwa na mifuko minne, mgongo wake ukiwatazama watu. Akabonyeza, akangoja. Simu ikamwonyesha spika ya fundi cherehani wa ploti ya pili, runinga ya jirani yangu wa ghorofani, na saa ya mkononi ya mtu aliyekuwa anapita njia. Skana haikuonekana. Akaizima simu, akaiwasha. Akasogea kwenye geti. Akainyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Netiweki ya huku kwenu ni mbaya sana."

"Blututhi haitumii netiweki, shemeji."

"Wewe ni mwalimu wa Kiingereza. Haya mambo niachie."

Nikamwachia. Nilianika shuka, nikaanika sare za watoto, yeye akiwa anaitembeza simu hewani kama mtu anayefukuza nyuki. Nilipomaliza niliiokota ile karatasi kwenye maji, nikaikung'uta, nikaisoma. Iliandikwa wazi, kwa herufi nene, kwamba kifaa hicho hakielewani na simu za aina yake hata kidogo. Kilitengenezewa simu za aina nyingine, kama yangu, zile ambazo yeye huziita simu za watoto wa shule.

Nilimsomea. Mtu mwingine angeona haya. Yeye alinyoosha mkono.

"Basi leta yako nikuwekee."

Programu ilipoingia kwenye simu yangu iliomba kujua niko wapi, ikaomba kuona picha zangu, ikaomba kila kitu isipokuwa damu, naye akawa anakubali yote kwa kidole gumba bila kusoma. Kisha skana yenyewe ikadai namba ya siri. Akaandika mwaka wake wa kuzaliwa. Ikakataa. Akaniuliza wangu, nikamwambia karatasi inasema ni moja, mbili, tatu, nne.

"Hiyo haiwezi kuwa siri," alisema kwa dharau, akaiandika, na simu ikaunganika.

Sitadanganya: ilipounganika, nilisimama na ile karatasi mbichi mkononi nikatazama. Mishale ilikuwa ikicheza kwenye kioo cha simu yangu, mmoja wa mzunguko wa injini, mwingine wa joto la maji, na ukikanyaga mafuta kidogo mshale nao unaruka. Gari langu lilikuwa limenibeba miaka yote hiyo nisijue lina maneno mengi hivyo. Shemeji alibonyeza mahali pa kutafuta hitilafu, na baada ya muda simu ikatoa herufi moja na tarakimu nne, na chini yake maelezo mafupi ya Kiingereza kwamba silinda moja haichomi mafuta vizuri.

Hapo mashine ilikuwa imesema kweli, na ingetosha. Lakini shemeji aliona kitufe kilichoandikwa "futa". Akakibonyeza. Taa ya dashibodi ikazimika, naye akanigeukia na uso wa mtu aliyemfufua maiti.

"Imepona."

Ilipona mpaka tulipofika Nkubu siku iliyofuata. Taa ikarudi, nikapeleka gari gereji, fundi akabadilisha plagi moja, kisa kikaisha. Nilipomwambia shemeji alisema, "Sawa, lakini kazi kubwa nilikuwa nimeshaifanya."

Kuanzia hapo Jumapili zangu ziliharibika. Ibada ikiisha, watu wakiwa wanasalimiana uani mwa kanisa, shemeji alikuwa akipita kati ya magari na skana mkononi, na mimi nyuma yake, maana bila simu yangu alikuwa mtu na kiberiti tu. Alijitafutia wagonjwa. Angemwona mtu anafungua mlango wa gari, angemwambia, "Ngoja, usiwashe," kwa sauti ya chini ya kumfanya mtu ajiulize kama ameona moshi. Pikapu ya katibu wa wazee wa kanisa ilikutwa na moyo dhaifu. Gari la kasisi halikuonyesha hitilafu yoyote, na hilo shemeji alilitangaza kwa sauti, kana kwamba ni yeye aliyelitakasa. Kila mara alikuwa akisoma mstari wa kwanza tu wa yale maelezo, akaufasiri kwa Kimeru anavyotaka, akanirudishia simu na kwenda kwa mwingine. Watu wenye akili timamu, wenye mashamba na vyeti, walikuwa wakimsikiliza. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Mtu hawezi kuwa mjinga peke yake kwa muda mrefu hivyo. Anahitaji msaada wa wengine.

Mmoja wa waliomsikiliza ni mama ambaye sote humwita Madam. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na mimi mwenyewe nilipita mikononi mwake. Ni mjane. Shamba la miraa aliloachiwa na mumewe liko juu huko karibu na Laare, naye alikuwa na desturi ya kujiendesha mwenyewe kwa gari lake dogo kwenda kusimamia uchumaji, kwa sababu asiposimama hapo wachumaji wanavuna na kuuza kabla hajafika. Lile gari lilikuwa miguu yake.

Shemeji alichomeka skana, akasoma, akafunga macho kidogo.

"Madam, pole sana. Injini yako inavuja. Na si kuvuja kidogo. Hapa imeandikwa: kuvuja kukubwa."

"Inavuja nini? Sijaona mafuta chini."

"Ndiyo hatari yake. Inavujia ndani. Usiliendeshe hili gari, litakuacha barabarani huko Maua."

Madam alimwamini. Ni mtu aliyezoea kuamini kilichoandikwa. Alilipaki gari nyuma ya nyumba, akawa anakwenda Laare kwa kuungaunga magari, na kutoka stendi mpaka shambani anapanda bodaboda. Ilikuwa msimu wa mvua. Vilima vya Nyambene vikinyeshewa, ile barabara ya shambani huwa utelezi mtupu. Bodaboda iliteleza naye, akaangukia nyonga, wachumaji wa miraa wakamnyanyua kwenye tope. Nilimwona kanisani Jumapili iliyofuata akitembea kwa mkongojo, akishikilia viti kimoja baada ya kingine mpaka akafika mahali pake.

Nikaenda nje wimbo ukiwa haujaisha. Nilikaa kwenye ngazi nikafungua ile programu, na kule kwenye kumbukumbu zake nikaikuta hitilafu ya gari la Madam kama ilivyosomwa. Nilisoma mstari wa kwanza: kuvuja kukubwa, kweli. Nikateremka hadi wa pili, ambao shemeji hakuwahi kuufikia kwenye gari lolote. Ulisema kinachovuja ni mvuke wa petroli, na kwamba jambo la kwanza la kukagua ni kifuniko cha tangi.

Alasiri ile nilikwenda kwa Madam. Gari lilikuwa limekusanya majani ya mparachichi juu ya kioo. Nilifungua kile kimlango cha petroli, na kifuniko kilikuwa kimelegea hata kikawa kinachezacheza. Nilikizungusha kikalia. Madam alinitazama kutoka kwenye kiti alichoketi barazani, mguu ukiwa juu ya kigoda.

"Ni hicho tu?"

"Ni hicho tu, Madam."

Aliniuliza kama nitakunywa chai.

Alipopata nafuu alimsimamisha shemeji uani mwa kanisa, mbele ya watu, na mimi nikasogea karibu maana nilitaka kuona. Alimwambia taratibu, kwa ile sauti yake ya paredi ya asubuhi, kwamba injini yake haikuwa inavuja, kilikuwa kifuniko cha petroli. Nilimtazama shemeji nikingoja uso wake ubadilike. Uso wake ulichanua.

"Unaona, Madam? Si niliwaambia kuna kitu kinavuja?"

Akamshika mkono akampongeza. Madam aliutazama ule mkono kama kitu kilichookotwa. Tangu siku hiyo nilikataa kumpa simu yangu. Alinuna, akaniita mchoyo kwa dada yangu, kisha akaichomeka skana kwenye gari lake mwenyewe na kuiacha hapo iwe pambo. Abiria akiuliza ile taa ndogo chini ya usukani ni ya nini, alijibu, "Gari hili linasomwa." Na nani, hakusema.

Safari ya Gachoka ilikuja mwezi wa nane. Kifungua mimba wa dada yangu alikuwa amepata mchumba Mbeere, na siku ilikuwa imepangwa twende kwa kina msichana tujitambulishe na kufungua mazungumzo ya mahari. Wazee wetu na akina mama wa kanisa walitangulia kwa matatu ya kukodi. Shemeji, akiwa baba wa kijana, alitaka kufika mwisho, watu wakiwa wameshakaa, ili aonekane anaingia. Kwa hiyo asubuhi nzima aliosha gari. Ni gari dogo jeupe, jipya kuliko yetu sote, na halina hata mshale wa kuonyesha joto la injini. Lina kataa ka buluu likiwa baridi, na kengine kekundu mambo yakiharibika.

Dada yangu alikaa mbele na mumewe. Mama yetu alikaa nyuma nami. Mama ni wa kizazi ambacho mkwe hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, na tangu dada yangu aolewe sijawahi kumsikia akimsemesha shemeji moja kwa moja. Akitaka chumvi mezani na chumvi iko mbele ya shemeji, huniomba mimi. Shemeji naye, nimpe haki yake, humheshimu mno, hata hushusha sauti mama akiingia chumbani.

Tulipita Chuka madirisha yakiwa yamefungwa na kipoza hewa kikivuma, maana suti ya shemeji ilikuwa nyeusi na vumbi halikutakiwa. Tuliteremka bonde la mto Thuchi, tukaanza kuupanda ule mlima wa upande wa pili nyuma ya lori la saruji, na injini ikawa na sauti ya mtu anayepumua kwa mdomo. Nilikuwa nimechoka kuangalia kisogo cha shemeji. Nikaiona ile taa ndogo chini ya usukani, na kwa dharau tu, nione kama pambo bado linafanya kazi, nikafungua programu. Simu yangu haikuwa imeisahau skana. Iliunganika mara moja, na mshale wa joto ukasimama mahali ambapo kwenye gari langu haukuwahi kufika.

Niliutazama ukipanda. Tulipomaliza mlima haukushuka.

"Shemeji, injini inachemka."

"Nani amesema?"

"Simu. Imeunganika na skana yako."

Alicheka kupitia pua. "Shem, hiyo simu yako ni ya kuandikia alama za watoto. Haiwezi kusoma gari kama hili."

"Ndiyo iliyosoma gari la Madam."

"La Madam ni la zamani."

"Mwacheni aendeshe," alisema dada yangu.

Kufika Embu nilimsihi aingie kituo cha petroli atazame maji ya rejeta. Alisema wakwe wanangoja. Tukapita kituo cha kwanza, tukapita cha pili. Hapo mama akaniinamia, akaniambia kwa Kimeru, kwa sauti ya kusikika mpaka mbele, "Mwambie asimame, nataka kwenda msalani." Shemeji akasimama kwenye cha tatu papo hapo. Mama alikwenda msalani, nina hakika bila haja yoyote, akakaa huko kwa muda mrefu ajabu. Shemeji alitumia nafasi hiyo kufuta mlango wa gari kwa leso.

"Fungua boneti basi," nilimwambia. "Tumeshasimama."

"Nifungue boneti nichafue mikono? Mikono hii ndiyo nitawasalimia nayo wakwe."

"Ondoa koti nifungue mimi."

"Hebu nione hiyo simu." Aliitazama. Kwa kusimama kidogo mshale ulikuwa umeteremka. "Unaona? Imeshuka. Saa hii imeshuka, saa ile imepanda. Mashine imechanganyikiwa. Hizi skana ni feki, shem, za kuuziwa watu mtaani. Mimi sijawahi kuziamini."

Nilimtazama machoni nione kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Mtu aliyemtembeza mjane kwenye tope la Nyambene kwa neno la kile kifaa alikuwa amesimama mbele yangu, mchana kweupe, amekikana. Kilikuwa kimemwaibisha kila mtu kanisani na akakiamini. Siku kilipomtaja yeye kikawa feki.

Tukatoka Embu kushika barabara ya Gachoka. Huko mashamba ya chai na migomba huisha, ardhi inakauka, mbuzi wanajaa kando ya lami na joto linakupiga usoni ukishusha kioo. Hatukushusha kioo. Mshale ukapanda tena na safari hii haukuwa na mchezo. Nilikuwa naita namba kwa sauti, kama mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi, na dada yangu akaanza kugeuka kunitazama. Kisha kale kataa kekundu kakawaka kwenye dashibodi.

"Hiyo nayo?" niliuliza.

"Hiyo ni joto la Mbeere," alisema shemeji. "Gari linasema nje kuna joto."

Hata leo nikikumbuka jibu hilo hunibidi nikae chini.

Harufu ndiyo iliyofuata, tamu na kali, kama sharubati iliyoungua sufuriani. Dada yangu alimshika mumewe mkono. "Baba yao, simama." Akasema atasimama sokoni, si hapa kwenye vichaka watu watuone. Gari halikuweza kungoja soko. Lilipoteza nguvu, likakohoa, likasimama lenyewe penye miiba, na mvuke ukatoka pande zote za boneti.

Sasa ndipo alipokumbuka boneti. Aliruka nje na leso yake, akaifungua, mvuke ukamfunika mpaka kifuani, na tukamwona akiinama na kunyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Wewe! Acha!"

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa ameshatoka garini, kitambaa cha kichwani kimemwanguka, kidole kimemlenga mkwe wake kifuani. "Acha! Unataka kupika uso wako na ndoa ya mtoto bado haijafungwa? Toka hapo! Toka!"

Shemeji aliganda. Leso ilikuwa imeshagusa kifuniko. Akaurudisha mkono taratibu, akarudi nyuma, akakaa kwenye jiwe kando ya barabara. Mama naye alisimama pale akipumua, na nadhani alishtuka kuliko yeye. Miaka yote ya heshima ilikuwa imekatika kwa neno moja. Akaokota kitambaa chake, akakikung'uta vumbi, akanigeukia. "Mwambie anywe maji," alisema.

Kwa dakika chache nilimwonea shemeji huruma. Kisha akanitazama akasema, "Hii ni petroli mbaya ya Embu," na huruma ikaniisha.

Gari lililotuokoa lilikuwa pikapu ya muguka. Kwa asiyejua, muguka ni majani ya kutafunwa kama miraa, yanayolimwa Mbeere, na watu wetu wa miraa huyadharau; shemeji mwenyewe alikuwa akiyaita lishe ya mbuzi kila tulipopita wauzaji. Dereva alikuwa na haraka, kama madereva wote wa mzigo huo. Mama na dada yangu waliingia mbele. Mimi na shemeji tukapanda nyuma juu ya magunia, yeye na suti yake nyeusi, akishikilia chuma kwa mikono yote miwili, na tai ikimpiga usoni.

Alitaka kuingia mwisho watu wakiwa wameketi, na hivyo ndivyo alivyoingia. Dereva alipiga honi kuanzia barabarani mpaka uani, akazunguka hema lililokuwa limejaa wakwe, wazee wetu na akina mama wa kanisa, akasimama katikati. Vumbi likatua. Shemeji akashuka, akiwa na majani ya muguka mgongoni na unga wa vumbi kwenye nyusi. Kisha baba wa msichana, mkulima mrefu wa ndengu mwenye meno yaliyoachana, akainuka kwenye kiti chake.

"Karibuni, wakwe. Tulikuwa tumeambiwa Wameru watatuletea miraa. Kumbe mmekuja na muguka wetu wenyewe!"

Hema likalipuka. Walicheka wao, wakacheka wetu, akacheka hata kijana mwenyewe aliyekuwa akioa. Shemeji alicheka kwa meno tu. Lakini lazima niseme kicheko kile kililainisha kila kitu. Mazungumzo niliyokuwa nimeogopa yatakuwa na maneno makali yalikwenda vizuri, na tulikula mbuzi kabla jua halijainama. Msichana alikuja kutusalimia. Ni mpole na ana macho ya kuona mambo. Aliyatoa yale majani kwenye mgongo wa suti ya baba mkwe wake moja moja, na hapo nikampenda.

Gari lilivutwa na trekta la jirani mpaka pale nyumbani kwa wakwe. Fundi aliyeitwa kutoka Embu alifungua injini akasema kichwa chake kimepinda, na kilichovuja tangu mwanzo kilikuwa mpira mdogo wa maji ambao mtu yeyote angeuona kama angefungua boneti Meru kabla hatujatoka. Injini nyingine ilichukua muda kupatikana. Gari likakaa pale chini ya turubai, na kuku wakaingia ndani kupitia dirisha ambalo fundi aliliacha wazi, wakataga kwenye kiti cha nyuma. Shemeji akawa anasafiri kila wikendi kwenda kuliangalia, na kwa kuwa mkwe hawezi kuachwa akae kwenye boma bila kula, kila akifika kuku mmoja alichinjwa. Msichana aliniambia kwa simu, akicheka kwa aibu, kwamba mamake amechoka na anaomba gari lipone haraka.

Skana aliing'oa akaitupa kwenye shamba la ndengu. Mimi aliniomba nifute kila kitu kilichobaki kwenye simu yangu. "Futa hiyo kitu, shem, haina maana." Sikufuta. Ninayo kumbukumbu yake mpaka leo, mstari unaopanda kutoka Thuchi na kushuka mahali pamoja tu, pale Embu, na ninapochoka kusahihisha insha huifungua nikaitazama.

Harusi ilifungwa Desemba. Shemeji alipopewa kipaza sauti aliwasimulia watu safari ile. Alisema kwamba yeye, kwa kutumia teknolojia, alijua mapema sana kwamba injini ina shida; kwamba aliamua kuendesha kwa uangalifu kwa sababu alikuwa amembeba mama mkwe wake; kwamba alilisimamisha gari mahali salama na kuwakataza wote wasiguse rejeta. Alieleza hatari ya kufungua rejeta ikiwa moto. Aliieleza vizuri sana. Watu wakapiga makofi, na mzee mmoja wa meza ya mbele akamwuliza kama anaweza kumwangalizia gari lake akimaliza kula.

Nilimgeukia mama. Alikuwa ameketi karibu nami na sahani kwenye magoti, akitafuna mfupa kwa utulivu, macho yakiwa kwa mkwe wake.

"Huyu," alisema. Kisha akanipa bakuli lake nimwongezee supu.